Akademia ya Viti Vilivyokatwa Miguu

Asubuhi hiyo niliamka kwa tata yangu kule Gatuanyaga nikajua kwamba sitalala pale tena. Hatukuwa tumegombana. Tata, dada yake marehemu mama, alikuwa amenipokea vizuri, akanipa mbuzi wa kuchunga na chumba chenye dirisha linalotazama vilima. Lakini mimi nikishajua kila mti ulio kando ya njia, nyayo huanza kuniwasha. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mahali nikazoeleka. Nimepakia mananasi, nimefagia pamba sakafuni kwenye viwanda vya Thika, nimechuma kahawa, nimepaka makanisa rangi. Kila nilipoondoka niliondoka kwa sababu ileile: nilitaka kujua kuna nini mbele.

Niliweka shati, blanketi na kikombe kwenye mfuko. Tata alikuwa zizini akikamua.

"Unaenda wapi?"

"Sijui bado."

"Haiya! Mtu mzima haendi 'sijui bado'. Hata mbuzi akitoka anajua nyasi iko upande gani."

"Nikifika nitakupigia simu nikuambie."

"Wewe? Ukifika utakuwa umeshatoka."

Alicheka, akanimiminia maziwa kikombeni, nikanywa nikiwa nimesimama, nikaenda.

Vumbi la barabarani lilikuwa bado limelala kwa umande. Pikapu iliyosheheni marobota ya nyasi kavu ilipunguza mwendo kando yangu, na dereva akatoa kichwa. Alikuwa akipeleka nyasi Ruiru kwa watu wanaofuga ng'ombe, na alitaka mtu wa kumsaidia kushusha. "Panda juu," akasema. "Lakini usisinzie. Ukianguka mimi sirudi."

Nikasafiri nimekaa juu ya nyasi kama mfalme asiye na nchi. Niliona moshi wa viwanda vya Thika ukipanda wima, kisha barabara kuu na njia zake nyingi, kisha mabaki ya kahawa katikati ya majumba ya ghorofa, safu chache za miche ambayo bado haijajua kwamba imezungukwa. Tulipopita Kimbo dereva aliiacha barabara kuu, akakata kona mbili tatu, akasimama kwenye zizi lililojengwa kando ya ua mrefu wa waya. Tukashusha marobota. Akanishukuru, akageuza gari, akaniacha pale na mfuko wangu. Ilikuwa bado asubuhi.

Upande wa pili wa ua palikuwa na chuo kikuu. Sitakitaja jina, kwa sababu ninachokisimulia ni kitu kidogo ndani yake. Kwenye ua huo palikuwa na geti dogo la chuma la rangi ya kijani, la kupita mtu mmoja mmoja, na kando ya geti mama mmoja alikuwa amepanga sukuma wiki, nyanya na vitunguu juu ya gunia. Alikuwa pia na uji kwenye chupa ya chai. Nikamwomba kikombe.

"Leo sijui kama nauza ama nakaa tu," akasema akimimina. Kwa lafudhi yake nikajua ni mtu wa magharibi. "Leo ndiyo siku ya geti."

"Geti lina siku?"

"Hili liko nayo. Kila mwaka mkataba wake unaisha. Watu wa chuo na sisi wa huku tunakaa chini tunauliza tena: linafunguliwa ama linafungwa? Hawa wanafunzi wa mabalozi ndio wanasemea chuo. Na mwaka huu chuo kinataka kufunga. Wameibiwa laptopu hosteli, wanasema wezi wanatokea huku."

Niliuliza yeye anapungukiwa nini likifungwa. Akanitazama kama mtu anayepima kama swali ni la kweli au la kupitisha wakati.

"Mtoto wangu anasoma shule ya msingi iko ng'ambo ya chuo. Ako na vyuma kwa mguu, tangu azaliwe. Akipita hapa saa kumi na mbili na nusu anatembea polepole, anafika. Wakifunga, ni kuzunguka na barabara kuu na kupanda lile daraja la ngazi. Hawezi. Na boda kila siku, kwenda na kurudi, kwa hizi sukuma?" Akazipangusa vumbi. "Nitampeleka kwa nyanyake, asome huko. Tuwe tunaonana Disemba."

Alilisema hilo bila kuinua sauti. Nikanywa uji wangu.

Sijamaliza, geti likafunguka, akatoka mwanamke wa makamo mwenye mvi, amevaa koti la sufu na raba za kukimbilia. Akatazama barabara juu na chini kama mtu anayengojea mgeni aliyechelewa. Akaniona.

"Wewe bwana mwenye mfuko! Wewe ni wa hapa?"

"Hapana, Mama. Nimeshuka sasa hivi."

"Una ndugu hapa? Una kesi na chuo? Una shamba? Una mtoto anayesoma hapa?"

"Sina hata pa kulala."

"Unamjua huyu mama?"

"Nakunywa uji wake tu."

"Umejua jina lake?"

"Hapana."

"Basi bado ni mgeni," akasema, na uso wake ukafunguka. "Njoo. Wewe ndiye mwenyekiti."

Nilidhani ni mzaha. Mama mboga alicheka hadi akashika mbavu. "Nenda, nenda! Kila mwaka ni hivyo. Mwaka jana alikuwa muuza miwa."

Nikaingia getini nyuma ya yule mwanamke mwenye mvi, na njiani akanieleza. Yeye ndiye mkuu wa Akademia ya Diplomasia ya chuo hicho, mahali wanapofundishwa vijana watakaokwenda kuisemea nchi ng'ambo. Alikuwa mmoja wa kundi la kwanza kabisa kusoma pale. Mazungumzo ya geti ndiyo mtihani wa mwisho wa wanafunzi wake, na tangu mwanzo sheria ilikuwa kwamba anayeongoza kikao awe mpita njia, mtu asiyedai wala kudaiwa upande wowote.

"Mimi nimeishia darasa la saba, Mwalimu," nikamwambia, ili asije akaaibika baadaye.

"Sikukuuliza umeishia wapi. Kazi yako ni tatu. Unafungua kikao. Unasema nani azungumze. Na unaruhusiwa kuita chai mara moja. Maoni hutoi. Hata ukiona nyumba inaungua, maoni hutoi."

Tulifika kwenye jengo refu la mawe lenye paa la mabati yaliyoiva kutu. Nikalinusa kabla sijaliona vizuri. Aliyewahi kuchuma kahawa hawezi kuisahau harufu ya stoo yake, ile harufu ya gunia, ganda na uchachu. Chuo kizima kilikuwa shamba la kahawa zamani, na hii ndiyo iliyokuwa stoo.

Ndani nilisimama mlangoni nikashindwa kuendelea.

Palikuwa na viti. Vilizunguka chumba chote kwa duara, na hakuna kilichofanana na mwenzake. Kimoja kilikuwa cha mbao nyeusi kilichochongwa simba mikononi. Kingine cha mianzi, kingine cha ngozi ya ng'ombe, kingine cha chuma kilichopindwa kama mizabibu, kingine kimepakwa dhahabu na kushonewa mto wa hariri mwekundu. Kulikuwa na vigoda vya miguu mitatu na kiti kimoja cha mikono, kipana, kinachotosha watu wawili. Na vyote vilikuwa vimekatwa miguu. Msumeno ulikuwa umepita bila huruma kwenye makucha ya simba na kwenye mizabibu ya chuma, mpaka sehemu zote za kukalia zikawa sawasawa, chini, karibu na sakafu.

"Nani amefanya hivi?" nikauliza kwa kunong'ona, kama niko kanisani.

"Sisi," akasema Mwalimu. "Kaa, nikuambie. Bado hawajafika."

Akanisimulia, na mimi nikamsikiliza kama sijawahi kumsikiliza mtu.

Aliyeanzisha akademia, wanayemwita Balozi tu, alikuwa karani wa kahawa kwenye shamba hilohilo. Bendera ya nchi ikiwa bado mpya, serikali ilihitaji watu wa kupeleka ng'ambo, na yeye alijua kuandika vizuri. Akaazimwa koti, akapandishwa ndege. Hakuna aliyemfundisha chochote. Kwenye karamu yake ya kwanza aliona kiti kitupu akakaa, kama ambavyo angekaa kwa jirani. Kilikuwa cha mtu mwingine, mkubwa. Hakuna aliyemwambia neno. Ukumbi wote ulinyamaza tu mpaka akaelewa mwenyewe akainuka. Alikaa ng'ambo hadi nywele zikawa nyeupe, akapatanisha watu ambao hatutasikia kamwe kwamba waligombana. Lakini ukimya ule hakuusahau. Alikuwa akisema nchi changa hujifunza kwa aibu za watu wake, na aibu ni mwalimu mzuri ila karo yake ni ghali.

Aliporudi, chuo kilikuwa kimeshanunua shamba. Akaenda kuomba chumba cha kufundishia vijana. Wakampa stoo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Viti havikuwepo. Wanafunzi wa kundi la kwanza walikalia madebe, yale madebe ya kupimia kahawa, wakayageuza matako juu. Balozi naye akakalia debe. "Na siku ile," akasema Mwalimu, "akatuambia: tazameni, hakuna aliye juu ya mwenzake. Huu ndio urefu wa kuzungumzia."

Baadaye wahitimu walipoanza kupangiwa vituo, kila mmoja alituma kiti kutoka nchi aliyokwenda. Na kila kiti kilipofika, kiliwekwa kando ya debe, kikapimwa, kikakatwa.

Nilinyoosha mkono nikagusa simba wa kiti changu. Nilifikiria mtu fulani katika mji fulani wenye theluji, anafunga kiti cha dhahabu kwenye makaratasi huku akijua msumeno unakingoja Ruiru.

"Na geti?"

"Geti ndilo lililotufundisha. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunaigiza. Wewe uwe nchi hii, mimi niwe ile. Balozi akachoka. Akasema hakuna anayejifunza kuogelea juu ya meza. Akatuambia tukazungumze na majirani juu ya kitu cha kweli, kile kijia walichokuwa wakipitia tangu enzi za shamba. Tukaenda na vitabu vyetu. Tukawashinda." Akatabasamu bila furaha. "Tuliwashinda vibaya. Geti likafungwa kabisa, tukapiga makofi. Jumatatu yake hakuna maziwa jikoni, wapishi hawakuja, mfagiaji hakuja, mlinzi naye alikuwa mtoto wa huko, hakuja. Balozi akatuangusha darasa zima. Akasema: mtihani wenu ni mwaka ujao. Wale watu wakikubali kurudi kukaa na nyinyi, mmepita."

"Wakarudi?"

"Tulienda kuwabembeleza mwaka mzima. Tangu siku hiyo maksi za mtihani huu hutolewa baada ya mwaka. Upande wa pili ukirudi mezani, wewe ni mwanadiplomasia. Usiporudi, soma kitu kingine."

Nilikuwa nimepita barabara ile mara nyingi na sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya ua kuna watu wanaosomea jambo kama hilo, na kwamba somo lina historia, na historia ina harufu ya kahawa.

Wakaingia. Upande wa chuo walikuwa wanafunzi wanne, mbele yao msichana mrefu mwenye miwani, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji. Upande wa majirani aliongoza mzee aliyestaafu kwenye kiwanda cha nguo Thika, wote wakimwita guka, babu. Nyuma yake wakakaa wanaume wawili na yule mama mboga. Mwalimu alikuwa ameshanieleza kwamba mwenye uchungu zaidi haruhusiwi kusema. Balozi aliichukua sheria hiyo kwenye mambo ya mahari huku kwetu: baba wa binti hukaa kimya, na wajumbe ndio wanaozungumza, kwa sababu anayeumia akishika neno mwenyewe atalibana mpaka livunjike.

Nikafungua kikao. Nikampa guka nafasi ya kwanza kwa kuwa ndiye mgeni.

"Sisi hatukuja kuomba," akaanza. "Tumepita tu kuangalia kama ule mlango tulioacha hapa mwaka jana bado una afya."

"Mlango una afya, guka," akajibu msichana. "Lakini usiku unakohoa."

Majirani wakacheka. Nikaona guka ametabasamu kwa kuthamini, kama mchezaji wa bao anayeona mwenzake amepiga kete nzuri.

Walizungumza asubuhi yote, na kwa muda mrefu nilifurahia tu. Msichana alitaka geti lifungwe kuanzia jioni. Guka akapinga, akalegeza, akakubali, akadai pikipiki zipite mchana. Msichana akakataa, akafikiri, akakubali kwa masharti. Guka akataka taa nje ya geti; akapata. Akataka vijana wa mtaani wapewe kazi ya kufyeka ua, akapata. Kila alichokiomba alikiomba kama mtu anayekitaka kuliko vyote. Juu ya saa ya kufungua asubuhi alipitisha mkono hewani. "Hiyo tutaongea," akasema, "hiyo si kitu kubwa."

Hapo nikaelewa anachokifanya. Guka alikuwa amekaa kwenye viti vile miaka mingi, naye alikuwa amesomeshwa na mtihani huo pamoja na wanafunzi: usimwonyeshe mwenzako unachokitaka zaidi, maana atakipandisha bei. Kwa hiyo alikuwa amekificha. Lakini alikificha vizuri mno. Msichana, ambaye alikuwa na maagizo ya chuo kwamba geti lisifunguliwe kabla ya saa mbili, alisikia kwamba saa si kitu kikubwa, akamwamini.

"Basi saa mbili asubuhi," akasema, akaandika.

Guka akafungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa ameshasema si kitu kikubwa, mbele ya watu wote, na mzee hali matapishi ya maneno yake. Nikamwona akitafuta njia ya kuzunguka na asiione. Nyuma yake mama mboga alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vikisokota pindo la leso. Watoto wa shule hupita saa kumi na mbili na nusu.

Mwanafunzi mmoja alikuwa ameshaanza kusoma mapatano yote kwa sauti ili watie sahihi. Nilijua. Ningeweza kusema maneno manne na kumaliza jambo, na sikuruhusiwa hata moja. Nyumba inaungua, nikafikiri. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kimoja tu.

"Chai," nikasema.

"Sasa hivi?" yule msomaji akashangaa. "Chea, mwenyekiti wetu, tumemaliza! Ni sahihi tu."

"Mwenyekiti amesema chai," akasema Mwalimu kutoka ukutani, bila kunitazama.

Chai ya pale nayo ina sheria yake. Kila upande humwandalia mwingine, na ni mwiko kugusa jambo lililo mezani. Unaruhusiwa salamu na habari za nyumbani, basi. Wanafunzi wakabeba chupa na mandazi kwa majirani. Msichana msemaji akamfikia mama mboga, akamwinamia, akamimina.

"Mama, umeamkaje?"

"Tumeamka salama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Tuko wawili tu, mimi na msichana wangu."

"Yuko mkubwa?"

"Ako darasa la tatu." Mama akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Tunaamka mapema sana, unajua. Kumfunga vile vyuma vya mguu inachukua wakati. Lakini akishafungwa, anakuja na wenzake mpaka hapa kwa geti kabla jua halijatoka vizuri, na anafika shule kama wao."

Hakuwa ameomba chochote. Alikuwa ameulizwa habari za nyumbani, naye akazitoa, kama mtu yeyote mwenye adabu. Msichana alibaki ameinama na chupa mkononi. Chai ilikuwa imekwisha kuingia kikombeni, lakini hakuinuka. Akamtazama mama, akamtazama guka. Guka alikuwa akiyatazama mabati ya paa kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko.

"Asante kwa habari, Mama," msichana akasema polepole.

Tuliporudi duarani aliinua mkono kabla hajaketi.

"Mwenyekiti, naomba kukirudisha mezani kipengele cha saa ya asubuhi."

Mwenzake aliyekaa kando akamvuta mkono wa shati. "We! Hiyo si tushawin? Unaifungua ya nini?"

"Kwa sababu hatukuishinda. Tuliiokota." Kisha akanigeukia tena. "Sina ruhusa ya kukubali saa nyingine. Naomba nafasi nipige simu nyumbani."

"Nyumbani", kwa lugha yao, ni kwa aliyekutuma. Akatoka nje kwenda kuzungumza na ofisi ya chuo. Kupitia dirishani tulimwona akitembea huku na huku kwenye jua, mkono mmoja ukieleza mambo kwa mtu asiyeuona. Ndani hakuna aliyekunywa tena. Mama mboga alikuwa ameshika kikombe kilichopoa. Guka akageuka nyuma, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Niliificha vizuri sana, mama."

"Uliificha guka, hata mimi nikaanza kuitafuta."

Mmoja wa wale wanaume akaguna kicheko, akakimeza.

Msichana alirudi na jasho kwenye paji la uso. Ofisi haikukubali geti lifunguliwe alfajiri na kuachwa wazi. Ilikubali kitu kingine, ambacho alikuwa amekipendekeza yeye: geti liwe na kufuli mbili. Moja ya soja wa chuo, moja ya majirani. Saa kumi na mbili na nusu soja aje, na jirani aliyechaguliwa aje, kila mmoja afungue yake, watoto wapite, wafunge tena wote wawili. Upande mmoja usipokuja, halifunguki.

"Na ofisi inataka kitu," akaongeza. Sasa hakuwa akicheza. "Pikipiki zisipite. Hata mchana. Wamesema hapo hawasogei."

Guka alijikuna kidevu. Baadaye nilijua kwamba mwanawe mwenyewe ana pikipiki, na kwamba pikipiki ndiyo aliyowaahidi vijana wa mtaani alipokuwa akiondoka kwake asubuhi. Alikuwa ameipata, imeshaandikwa, na sasa angerudi bila hiyo.

"Kijana wangu ataninunia mpaka Krismasi," akasema hatimaye. "Sawa. Andika." Kisha, kwa sababu hakutaka ionekane ameumia, akamnyooshea msichana kidole. "Na wewe ukienda huko ng'ambo, usimwamini mzee akikuambia kitu ni kidogo."

"Nimesikia, guka."

"Mwaka ujao tutakuja kuangalia kama umesikia."

Nikaona Mwalimu amefumba macho kidogo kule ukutani. Ile "tutakuja" ndiyo maksi, na ilikuwa imetolewa mwaka mzima kabla ya wakati wake.

Wakatia sahihi, na soja akaleta kufuli mbili mpya kutoka ofisini. Majirani wakaulizwa nani atashika ufunguo wao, na guka akasema, bila kugeuka, kwamba kuna mtu tayari anaamka mapema. Mama mboga aliuchukua ule ufunguo wa kufuli, ukiwa bado mpya na kamba ya dukani, akaufunga kwenye pindo la leso mara mbili. Hakusema asante. Alisema, "Nitakuwa hapo."

Mwalimu alinisindikiza hadi mlangoni. Nilitaka kumuuliza mambo mengi: nani alituma kiti cha simba, na huwa wanahisije wakikikata, na Balozi alizikwa wapi. Akajibu la mwisho tu. Alizikwa kwao, chini ya kahawa, na kaburi lake si refu kuliko debe.

Nilitoka getini na mama mboga na guka. Watu wa mtaani walikuwa wamekusanyika upande wa pili, na waendesha pikipiki, ambao habari ilikuwa imeshawafikia, wakaanza kumkemea guka kabla hata hajavuka. "Guka umetuuza!" "Kwani ulilala huko ndani?" Akapita katikati yao akiwapungia mkono, akiwajibu mmoja mmoja kwa majina ya utani ya baba zao, na nilipomwangalia nikaona kwamba mazungumzo yake ya siku ile hayakuwa yameisha, yalikuwa yameanza.

Mama mboga alikunja gunia lake. "Na wewe chea, unalala wapi?"

"Sijui bado."

"Kuna chumba kwa ploti yetu, Kimbo. Aliyekuwepo ameenda Nakuru. Mabati, lakini hakivuji."

Msimamizi wa ploti alikuwa mwanamke mnene aliyekuwa akianika nguo. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyenye nyasi kavu.

"Unafanya kazi gani?"

"Leo nilikuwa mwenyekiti."

"Wa chama gani? Hapa sitaki siasa."

"Wa geti," mama mboga akamjibu. "Mpe chumba, mama. Huyu anajua kukaa kimya."

Akanipa. Kilikuwa na kitanda cha mbao, msumari wa kutundika shati, na ukuta wa mabati uliokitenga na chumba cha pili. Nikatandika blanketi. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya maghorofa niliposikia hatua zikija kwenye saruji ya nje, moja nyepesi na moja ya chuma, nyepesi na chuma, bila haraka. Mlango wa jirani ukafunguliwa.

"Wamefunga?" sauti ya mtoto ikauliza.

"Hawajafunga."

"Kwa hivyo kesho naenda?"

"Kesho unaenda. Vua viatu, tuanze na huu mguu."

Nikasikia kamba za ngozi zikilegezwa, moja baada ya nyingine. Nikatundika shati langu kwenye msumari.